UZI: Mwaka wa tani 476,000 ndio uliotumaliza

#1 MtunzaMagazeni (Lubumbashi)

Jambo yenu wana Wantanshi (ndio sisi wa Lubumbashi), na nyinyi wengine mnaosoma kutoka mbali.

Jumamosi nilikuwa kwenye kilio kule Katuba. Tumekaa chini ya turubai, wazee upande wao, sisi upande wetu, na kama kawaida ya mji huu, mtu mmoja akaitaja Gécamines, kampuni yetu ya migodi ya serikali. Hazikupita dakika mbili, msiba ukasahaulika. Wengine: kampuni ya serikali haiwezi kufanya kazi, basi. Wengine: mwaka 1986 ilitoa tani 476,000 za shaba na tani zaidi ya 14,000 za kobalti, mwenye mali alikuwa nani kama si serikali? Kila upande ukaondoka umeshiba ushindi.

Mimi nilinyamaza kwa heshima ya marehemu, ila hapa sitanyamaza. Ile namba ya 1986 ambayo wazee wetu wanaitaja kama jina la mtakatifu ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Historia mnaijua, napita haraka: Union Minière ya Wabelgiji 1906, tanuru la Lubumbashi 1911, Mobutu anaichukua Januari 1967, Gécomin, halafu Gécamines. Mwaka 1974 uuzaji wa madini ukapewa kampuni nyingine ya serikali, SOZACOM, yenye ofisi Kinshasa, mpaka ilipovunjwa miaka kumi baadaye. Shikeni hapo kwenye SOZACOM. Aliyetoa jasho akawa huku, aliyeshika dola akawa kule.

Sasa, mgodi wa wazi unafanyaje kazi? Shaba haikai juu ikikusubiri. Kwanza unaondoa udongo na miamba iliyolala juu yake, mamilioni ya tani za kitu kisicho na bei. Kazi hiyo inakula dizeli, matairi na malori, na mwaka huu haikupi hata kilo moja ya shaba. Inakupa shaba ya miaka mitatu au minne ijayo. Basi meneja anayebanwa pesa anafanya nini? Anaiahirisha. Na utamu wake ni kwamba ukiiahirisha hakuna anayeona! Gharama zinashuka, tani za mwaka huu zinabaki palepale, ripoti inang'aa. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya 80. Udongo wa juu ukabaki nyuma mwaka baada ya mwaka, vipuri havikuja kwa kiasi, na tani bado zinahesabiwa kwa shangwe. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ikaporomoka. 1991 uporaji. 1992 na 1993 wenzetu wa asili ya Kasai wakafukuzwa, na ndani yao mafundi na wahandisi wengi sana. 1994 shaba ilikuwa tani kama 30,000.

Kutoka 476,000 hadi 30,000 kwa miaka minane. Watu hutaja Kamoto, uporaji, siasa. Vyote vilikuwepo. Lakini nyumba iliyokuwa imeliwa na mchwa haikuangushwa na upepo peke yake.

Nimejuaje haya ya mchwa? Nilifanya kazi miaka minne kwenye magazeni (stoo ya vipuri) ya kiwanda kimoja cha serikali. Jina naliacha, wakubwa wangu bado wako hai na mimi bado nalipa kodi ya nyumba. Kila kipuri kilikuwa na kadi: kimeingia lini, kimetoka lini, vimebaki vingapi. Kadi ya rulma za pampu ya maji ya kupoza (ndugu zetu wa Kenya na Tanzania husema beringi) niliikuta ina sifuri. Miezi kumi na moja nikaendelea kuandika sifuri kwa mkono wangu. Pampu zilikuwa nne. Moja ikafa, mafundi wakaichinja wakaitibu ya pili. Kisha ya tatu ikachinjwa. Sisi tuliita "kula maiti". Na mwaka uleule direkta alisimama mbele ya wageni akasoma kwamba gharama za matengenezo zimepungua. Watu wakapiga makofi. Na kweli zilikuwa zimepungua!

Naleta mada. Msinitukane mama.

#2 KasumbalesaBizna

Ndugu umeandika vizuri lakini umezunguka mbuyu. Mali ya serikali ni mali isiyo na mwenyewe, hilo tu. Mimi nina malori mawili. Gurudumu likipasuka saa nane za usiku naamka mwenyewe, navaa koti, naenda. Nani aliwahi kuamka usiku kwa ajili ya gari la serikali?

Leo nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka, karibu zote kutoka makampuni ya watu binafsi. Mnataka ushahidi gani tena? Malaika ashuke?

#3 MamaMado_Kenya

Hii Kenya ni komuni ya hapa Lubumbashi, si nchi, maana kila mara mnaniuliza habari za Nairobi.

Mimi si mtu wa hesabu. Nilizaliwa kambini, kambi ya wafanyakazi wa kampuni. Siku ya posho tulikuwa tunajua kwa harufu: unga, samaki, mafuta. Hospitali ya kambi, shule ya kambi, mama zetu wakifundishwa kushona kwenye fwaye (kituo cha akina mama). Mtoto akiulizwa baba yako nani, anataja kampuni kwanza. Sasa nasikia wasomi kwenye redio wanasema eti hiyo ndiyo hasara iliyoua kiwanda, kutulisha sisi. Kilo ya unga ya mama yangu ndiyo iliyoangusha Kamoto? Niambieni.

#4 MtunzaMagazeni

Yaya Mado, hapana, si unga wa mama.

Wazungu wa Union Minière hawakugawa posho kwa sababu ya huruma. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi hapahapa mjini, kwa hiyo tusiwavishe kanzu nyeupe. Walipiga hesabu. Miaka ya mwanzo walikuwa wanaleta vijana kwa mikataba mifupi kutoka mbali, vijana wanaugua, wanakufa, wanatoroka, na kila anayeondoka anaondoka na ujuzi aliofundishwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 wakabadilisha: njoo na mke, zaa hapa, tutakulisha, mtoto wako tutamsomesha awe fundi. Posho ilikuwa mafuta ya mashine, sema tu mashine yenyewe ilikuwa mtu.

Hesabu iliharibika baadaye, shaba ilipokwisha kushuka. Mnamo 1986 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, ukigawanya unapata karibu tani 15 kwa kila mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna watu kama 24,000 kwenye orodha na tani hazifiki 20,000. Chini ya tani moja kwa mtu. Ukiangalia namba hiyo peke yake utasema watu ni wavivu. Lakini mtu aliyekaa mbele ya mashine isiyo na rulma utampimaje? Na kwa nini walibaki kwenye orodha? Kwa sababu kumwachisha mtu kunataka umlipe haki yake, na pesa haipo. Mpaka 2003 Benki ya Dunia ikagharamia ule mpango wa "kuondoka kwa hiari", wakaenda watu 10,655. Karibu nusu ya kampuni. Hiari yenyewe mnaijua.

#5 PapaElektrolize

Bana yangu, jambo yenu bote. Mujukuu wangu njo anaandika, miye niko nasema tu. Nilitumika mu elektrolize, pale banasafisha mukuba (shaba) na umeme, miaka makumi mbili na saba. Fabriki sitataje, pansiyo yangu (feza ya uzee) ingali mu njia.

Munabishana juu ya serikali na bazungu, lakini hakuna mwenye ameongea juu ya asidi. Sikieni. Mugodi ya Kipushi ilikuwa inatosha (inatoa) mawe ya zinki yenye sulfuri ndani. Ile konsantre (mawe yenye ilisagwa na kuchambuliwa) banaituma Likasi, ku Shituru, banaichoma. Moshi yake banaigeuza asidi. Ile asidi njo inatosha mukuba mu mawe ya oksidi. Na bunga yenye inabakia kisha kuchoma, banaituma Kolwezi ku fabriki ya zinki. Munaona ile akili? Mugodi moja, na fabriki mbili zingine zinakula palepale.

Kipushi ikasimama 1993. Batu balilia juu ya kazi ya Kipushi tu. Shiye batu ya asidi tulijua kama kilio iko inakuya kwetu. Sasa sulfuri ni ya kununua inje na dolare, na dolare hakuna.

Kisha kuko courant (umeme). Tani moja ya mukuba mu elektrolize inakula kilowati-saa kama 2,000. Union Minière ilijijengea mabaraji (mabwawa ya umeme) yake: Mwadingusha 1930, kisha Koni, Nzilo, Nseke. Ukipiga simu ku baraji, mutu wa kampuni yako njo anajibu. Mu miaka ya 70 mabaraji zikaenda ku SNEL. Sasa weye fabriki ya serikali unaomba courant ku kampuni ingine ya serikali, yenye haujalipa fakture. Nayo haijalipwa na serikali. Na serikali haijakulipa weye. Batatu banadaiana, hakuna mwenye anaweza kushitaki mwenzake, juu (sababu) bote ni ba baba mumoja. Na courant ikikatika, ile mukuba yenye ilisha kushika ku kathodi (ile bamba yake) inaanza kurudia mu asidi. Unaona kazi yako ya juzi iko inayeyuka mbele ya macho, unashika kiuno.

Ule wa malori mawili, mwana, weye unaamuka usiku juu gurudumu unaweza kununua asubuyi. Shiye pia tulikuwa tunaamuka.

#6 KasumbalesaBizna

Papa, shikamoo. Hapo mwisho umenipiga na sina jibu la haraka.

Ila bado. Twende kwa jirani, mimi huko napita kila wiki. Zambia walitaifisha migodi yao mwanzoni mwa miaka ya 70. Kabla yake, 1969, walikuwa na tani karibu 720,000. Mwaka 2000, wanamalizia kuuza, tani 250,000 na kitu. Baada ya kuuza zikapanda tena. Nchi mbili, bendera mbili, ugonjwa mmoja. Ugonjwa unaitwa serikali.

#7 Hesabu_ni_Hesabu (Lubumbashi)

Naomba niingie, kazi yangu ni uhasibu.

Kasumbalesa, zilipanda baada ya kuuza, ndiyo. Bei ya shaba duniani nayo ilipanda kuanzia 2004 kwa sababu ya Uchina. Ukiuza ng'ombe kiangazi, mvua ikanyesha, mnunuzi atasema yeye ni mchungaji bora. Inawezekana ni kweli, lakini mvua nayo ihesabiwe.

La pili. Unaposema "makampuni ya watu binafsi", fungua daftari uone wenye hisa. Kamoto Copper Company (KCC), Gécamines ina 25%. Tenke Fungurume, 20%. Sicomines, 32% pamoja na Simco, kampuni tanzu yake. Kampuni ya serikali haikufa, ilibadilisha kazi. Zamani ilikuwa inachimba na kuyeyusha, sasa ni mwenye nyumba anayesubiri wapangaji walete kodi. Na ukusanyaji wa kodi ya nyumba una ufanisi wake na uzembe wake. Ripoti ya Carter Center, shirika la Marekani, ya 2017 ilisema kwamba katika mapato ya dola bilioni 1.1 ya miaka 2011 hadi 2014, kama milioni 750 hazikuweza kufuatiliwa kwa uhakika mpaka kwenye akaunti za kampuni. Kampuni ilikana. Sihukumu, nasema tu kwamba mabishano yakifika hapo, tani hazisaidii kitu.

Na mpangaji naye ana ujanja wake. KCC ilikuwa inatoa shaba, malori yanapita mnayaona, lakini kwenye vitabu ilikuwa na deni kubwa mno, na mdai wake mkuu ni kampuni mama yake yenyewe, Glencore. Riba inalipwa kwanza, gawio baadaye, na baadaye haifiki. Mwaka 2018 Gécamines ikaenda mahakamani kutaka kampuni ivunjwe, ndipo Juni wakakubaliana dola bilioni 5.6 za deni zigeuzwe kuwa mtaji. Sasa niambie, KCC ilikuwa kampuni yenye ufanisi? Kwa nani?

#8 Supporter_1967

Mimi nasema ufanisi uliopo Lubumbashi ni Mazembe tu. Kombe la Afrika la vilabu 1967, kombe 1968. Mwaka uleule Mobutu anachukua migodi, sisi tunachukua Afrika. Mengine ni porojo.

#9 MSIMAMIZI

Mpira una jukwaa lake. Na wana Lupopo msijibu, nawaona.

#10 Mwanafunzi_UNILU

Nimekuwa nasubiri mtu ataje Chile, hajatokea, nataja mimi.

Chile walitaifisha shaba Julai 1971, na bunge lao lilipiga kura bila hata mmoja kupinga. Pinochet alipopindua serikali 1973, huyo anayesifiwa kwa kuuza kila kitu, migodi ile hakuirudisha kwa Wamarekani. Mwaka 1976 akaipa muundo mmoja, Codelco. Hadi leo ni mali ya serikali kwa asilimia mia, na mwaka 2023, ambao kwao ulikuwa mwaka mbaya, walitoa tani zaidi ya milioni 1.3. Mwaka wao mbaya ni karibu mara tatu ya 1986 yetu tukufu.

Na msifikiri serikali ya Chile haikula. Kulikuwa na sheria iliyochukua asilimia 10 ya mauzo ya Codelco, mauzo siyo faida, ikaenda moja kwa moja kwa jeshi kununua silaha. Imefutwa 2019. Asilimia kumi juu kabisa! Lakini ilikuwa kumi inayojulikana. Meneja wa mgodi anajua jeshi litachukua kumi, anapanga kwa tisini. Kwetu ilikuwa je? Simu kutoka Kinshasa. Leo tatu, kesho thelathini, keshokutwa meli nzima. Hakuna anayeweza kupanga kuondoa udongo wa miaka minne ijayo kwa pesa inayosubiri simu.

Codelco nao wana madeni mazito sasa na migodi yao imezeeka, sitaki kuwafanya malaika. Lakini Kasumbalesa, ugonjwa wako unaoitwa serikali, mbona kule haukuua?

#11 KasumbalesaBizna

Kwa sababu sisi si Wachile.

#12 Mwanafunzi_UNILU

Hilo si jibu, hilo ni kukata tamaa lililovaa tai.

#13 Mwambao_Kivu (Bukavu)

Wa Katanga mnajua kulia, ila mna cha kulilia. Kwetu Sud-Kivu tulikuwa na sukari ya Kiliba, karibu na Uvira. Kiwanda kilisimama 1996, na hakikusimamishwa na uvivu wala na hesabu mbovu, ni vita. Tangu hapo miaka na miaka sukari tunakunywa ya nje huku ardhi ya miwa tunaiona kwa macho. Nikisoma mabishano yenu ya rulma na udongo wa juu naona kama anasa. Kuna mahali ambapo swali la ufanisi halijafika bado, maana kwanza barabara iwe salama.

Endeleeni, nasoma.

#14 MamaMado_Kenya

Pole mwanangu wa Bukavu. Pole sana.

#15 Hesabu_ni_Hesabu

Nilitaka kuacha, lakini nimekumbuka terili, na haiwezekani uzi wa Lubumbashi upite bila ule mlima mweusi.

Kwa miaka mingi tanuru la mjini liliyeyusha konsantre za Kipushi. Mabaki yakamwagwa pembeni, yakawa mlima. Kwa sababu mawe ya Kipushi yana zinki na germaniamu (madini adimu) pamoja na shaba, mlima ukabaki na utajiri ambao tanuru la zamani halikujua kuutoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja tanuru jipya chini ya mlima, kwa ushirika: Wamarekani wa OMG wakiwa na sehemu kubwa, kampuni ya Forrest, na Gécamines asilimia 20. Aloi yenye kobalti ikasafiri hadi Finland kusafishwa. Asilimia 20 ya takataka zako mwenyewe.

Sasa hivi STL, hiyo kampuni ya terili, imerudi mikononi mwa Gécamines yenyewe. Na mwaka 2024 walisafirisha germaniamu kwa mara ya kwanza, kwenda kwa Umicore kule Ubelgiji. Mnaijua Umicore? Ni Union Minière iliyobadilisha jina 2001. Mzee amehama, amebadilisha jina, na bado anatununulia mabaki ya chungu chake mwenyewe.

Ila safari hii kiwanda ni cha serikali, mafundi ni wa hapa, na bidhaa ni ngumu kuliko zote tulizozoea, maana germaniamu haitolewi na mtu anayebahatisha. Kwa hiyo mimi ni mmoja wa wale ambao hawajafunga kitabu.

#16 KasumbalesaBizna

Hapo sawa, nitaangalia. Lakini miaka kumi ijayo, siyo mwaka huu. Mwaka wa kwanza kila duka jipya limefagiliwa.

#17 MtunzaMagazeni

Kasumbalesa kwa mara ya kwanza nakubaliana na wewe, na hilo ndilo swali langu tangu juu: tuangalie nini katika hiyo miaka kumi?

Serikali ilikwisha badilisha sheria. Julai 2008 zilitoka sheria za kugeuza makampuni ya serikali kuwa ya kibiashara, na Gécamines ikawa moja wapo. Karatasi nzuri. Lakini kampuni hiyohiyo "ya kibiashara" iliendelea kulipa Hazina kodi za mapema, yaani mtoto anamkopesha baba kutoka kwenye mshahara ambao hajapata. Sheria ilibadilisha jina mlangoni, sebuleni mzee bado amekaa kiti kilekile.

Mimi sitaangalia tani. Tani zitakuja, bei ikiwa nzuri hata mlevi anatoa tani. Sitaangalia hata faida, maana faida unaipata kirahisi sana ukiacha kununua vipuri. Nipeni mambo mawili nikiwa nimekaa nyumbani: udongo wa juu ulioondolewa mwaka huu ukilinganisha na ule uliopangwa, na kadi za magazeni zenye sifuri. Ziwe zinachapishwa kama matokeo ya mtihani wa taifa, kila mtu asome. Kiwanda kinachojivunia tani huku sifuri zinaongezeka kwenye kadi, mimi nitajua kinakula mbegu, awe mwenye hisa ni Rais, ni Mchina, ni Mwingereza wa Glencore au Mswisi wake, sijui ni nani huyo.

Na hapa Mwanafunzi wa Chile ana haki. Serikali ikitaka kula, ile kwa sahani inayojulikana ukubwa.

#18 MamaMado_Kenya

Na posho?

#19 MtunzaMagazeni

Yaya, posho iingie kwenye kadi. Nayo isipate sifuri.

#20 Mwanafunzi_UNILU

Swali la kijinga kidogo. Mtunza, zile pampu nne ziliishaje?

#21 MtunzaMagazeni

Ilibaki moja. Wakaiwekea mlinzi usiku, kwa sababu rulma zake zilikuwa zinatamaniwa hata na wa kiwanda jirani. Nilipoondoka bado ilikuwa inazunguka, ikilia kama mbuzi.

#22 PapaElektrolize

Mwana wa magazeni, ile pompe ilikuwa inalia upande wa mota ao upande wa maji?

#23 MtunzaMagazeni

Upande wa maji, Papa. Asubuhi zaidi, ikishapata moto inanyamaza kidogo.

#24 PapaElektrolize

Basi haikukuwa rulma tu, ni shafti ilikuwa inapinda. Mungetia rulma mupya, ingekufa kisha mwezi mbili, mungesema rulma ya Mchina ni mbaya. Shiye kama piesi haikuwe, hatukungoja dolare. Tulikuwa tunapeleka mufano ku ateliye ya Panda, kule Likasi. Balikuwa na furno yao, banayeyusha bronzi, banachonga kusine, inaingia pa nafasi ya rulma. Inazunguka polepole lakini inazunguka. Miye mwenyewe ningali na moja hapa ku nyumba, mujukuu anaitumia juu ya kufungia mulango.

Kuya siku ya Mungu kisha misa, nitakuonyesha. Mujukuu atakutumia njia. Courant yetu iko inataka kukatika, anasema aache kuandika.